Funga Mdomo, Tazama Mbele

Picha zilirudi mara ya pili Ijumaa saa tatu na robo asubuhi, na aliyezirudisha alikuwa anacheka.

"Zimekataliwa tena," alisema Fundi Mikate, akaziweka juu ya meza yangu ya kioo, zote nne, bado zimeungana kama nilivyozichapisha. "Yule mama wa dirisha la tatu anasema mashine yao inaona nacheka."

"Lakini mdomo umeufunga!"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akanijibu kwamba macho sikuyafunga."

Nikazitazama. Mimi ni mpiga picha, na mama yangu alikuwa mpiga picha kabla yangu, katika chumba hiki hiki kinachotazamana na mlango wa ofisi ya uhamiaji. Picha za pasipoti ndizo zilizonilisha na kunisomesha. Nyuma pawe peupe, masikio yote mawili yaonekane, kidevu kisipande wala kisishuke. Hayo nilijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kwa miaka tisa hakuna aliyenirudishia picha. Sasa nimerudishiwa mara mbili ndani ya wiki moja, na zote za mtu mmoja. Na aibu yenyewe ni kwamba mashine ilikuwa na haki. Mdomo alikuwa ameubana kweli, lakini mashavu yamepanda na macho yanameta, kama mtu aliyeficha pipi mdomoni mbele ya mwalimu.

"Dirisha linafungwa saa ngapi?" nilimuuliza.

"Saa nane na nusu. Kila kitu kiko tayari, amesema, barua, nakala, cheti cha kodi. Sura yangu tu ndiyo haijakaa sawa."

"Na ndege?"

"Kesho saa mbili asubuhi."

Alisema hivyo akiwa bado anatabasamu.

Niwaeleze, maana asiyewahi kuishi ugenini anaweza kudhani nakuza mambo. Mgeni akishapewa kibali cha ukaazi anashusha pumzi, anadhani amemaliza. Kumbe kibali chenyewe ni cha kukaa, si cha kutembea. Akivuka mpaka hata kwa siku mbili, hata kwa kuzika, kinakufa, isipokuwa awe na karatasi nyingine inayoitwa kibali cha kurejea. Na karatasi hiyo haipatikani kwa kuomba vizuri. Wanataka barua ya mwajiri yenye muhuri wa mwezi huu, si wa mwezi uliopita. Wanataka nakala ya kila ukurasa wa pasipoti, hata zile kurasa tupu ambazo hazijaandikwa kitu. Wanataka cheti cha kodi, na hicho nacho kina foleni yake katika jengo lingine. Ukiondoka bila kibali cha kurejea, siku ukirudi unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa: miezi sita kama una bahati, na ada ya kununua pikipiki. Kiwanda cha mikate kisingemsubiri fundi wa matanuri kwa miezi sita. Na mimi, nasema ukweli, ningemsubiri hata miaka sita, lakini mama yangu asingeniacha.

Mama ndiye aliyeanzisha mashaka haya yote. Mwezi wa tatu, Fundi Mikate alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye ukosi, akaja nyumbani, akamwambia anataka kunioa. Mama akaendelea kumenya machungwa.

"Mtu haji kuniomba mtoto wangu kwa mdomo wake mwenyewe kama anaagiza chai," alisema. "Huna wakubwa?"

"Nina shangazi, mama. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita."

"Basi alete miguu yake hapa. Tukae, tuzungumze watu wazima. Kabla ya hapo sijasikia kitu."

Mama alisema hivyo akijua anachokifanya. Alijua gharama ya viza. Miaka yote ya studio alikuwa akiwaandikia fomu watu wa kila aina, mpaka akajua nani atashindwa katika karatasi ya ngapi. Alidhani huyu naye atashindwa.

Hakushindwa. Viza ya shangazi ilichukua miezi mitatu na barua saba, mojawapo ikimtaka bibi wa watu, mwenye miaka sabini na moja, athibitishe kwamba hana nia ya kutafuta ajira. Ikatoka hatimaye: ya kuingia mara moja, mwisho wake Jumatano ijayo. Halafu shangazi akagoma kupanda ndege peke yake. "Nipande chombo ambacho simjui hata dereva wake?" alimfokea mpwa wake kwenye simu, mimi nasikia. "Njoo unishike mkono, au niache nife hapa hapa na kuku wangu." Kwa hiyo ilikuwa lazima aende Jumamosi, amshike mkono, arudi naye Jumanne. Na ili arudi, ilibidi sura yake ikae sawa kabla ya saa nane na nusu.

"Kaa," nilimwambia, nikasogeza stuli mbele ya pazia jeupe.

Akakaa. Jamani, mwanaume yule akikaa chini ya taa hata mikono yake ina adabu, anaiweka juu ya magoti kama yuko shuleni. Ananukia mkate. Hata akioga mara ngapi, hata akivaa koti jipya, ukimsogelea unasikia mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Alikuja mara ya kwanza miaka miwili iliyopita kupiga picha za kibali cha kazi. Akarudi wiki iliyofuata, akasema picha zimepotea. Akarudi tena, akasema zimelowa. Mwaka ule alipiga picha za pasipoti mara kumi na moja, na mimi na akili zangu zote niliamini kwamba yule mtu ni mzembe wa kupindukia, mpaka siku alipofungua pochi kulipia na picha arobaini za sura yake mwenyewe zikamwagika sakafuni.

"Usinitazame mimi," nilimwambia. "Tazama ule msumari ukutani."

"Msumari uko nyuma ya kichwa chako."

"Basi tazama juu ya kichwa changu."

Akatazama. Nikainua kamera. Mashavu yakaanza kupanda.

"Unacheka."

"Sicheki."

"Unacheka, nakuona! Hebu fikiria jambo la huzuni."

"Kama lipi?"

"Tanuri limekufa, mikate elfu mbili imeungua, na bosi anakuja."

Hilo lilimwingia. Uso ukatulia, paji la uso likanyooka. Nikaweka jicho kwenye kamera harakaharaka nisije nikaikosa, na hapo hapo akapasuka kicheko mpaka stuli ikalia.

"Nini tena?"

"Ulimi," alisema, akijifuta macho. "Ukitaka kubonyeza unatoa ulimi pembeni ya mdomo. Kidogo tu. Hujui?"

Sikujua. Watu wangapi wamekaa pale, mabalozi, wahandisi, masista, hakuna aliyeniambia!

"Ndio ulionileta hapa mara kumi na moja," alisema. "Nilikuwa nakuja kuangalia ule ulimi."

Ningeweza kuyeyuka pale pale. Badala yake nikaubana ulimi kwa meno nikajaribu tena, na yeye akijua nimeubana akacheka zaidi. Nikajaribu kumpiga picha bila kutazama, nikakata kichwa. Mashine ya kupigia picha iliyoko ndani kwenye korido ya uhamiaji ilikuwa imefunikwa turubai tangu mwaka juzi, na studio nyingine ya karibu ilikuwa upande wa pili wa mji. Hata ingekuwa mlango wa pili, mimi nimpeleke mtu wangu kwa mshindani? Thubutu. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nilikuwa na picha thelathini na tisa, na katika kila moja yenye kichwa alikuwa mwanaume mwenye furaha kuliko wote duniani.

Hapo ndipo hasira zangu zilipopanda. Zangu haziko mbali, wanaonifahamu wanajua.

"Unacheka nini?" Niliiweka kamera mezani kwa kishindo. "Kwako wewe huu ni mchezo?"

"Si mchezo, mpenzi."

"Ni mchezo! Kesho unapanda ndege. Ukiondoka bila kibali umekwisha, usipoondoka viza ya shangazi imekwisha, na mama yangu anangoja tu aseme 'nilikwambia.' Na wewe umekaa hapo unaangalia ulimi!"

"Mimi nikiogopa nacheka," alisema taratibu. "Na nikikuona nacheka. Leo yote mawili yamekutana, nifanyeje?"

Ningeishia hapo. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini kulikuwa na neno limenikaa kooni tangu picha za kwanza zilipokataliwa, na lilitoka lenyewe.

"Au labda unataka zikataliwe."

"Nini?"

"Labda umechoka. Vibali, ada, foleni, barua saba. Labda unataka upate sababu. Ufike kwenu, upige simu, useme: mpenzi, samahani sana, vibali vimenishinda."

Tabasamu likaondoka. Liliondoka lote, mdomoni na machoni, na uso wake ukabaki mtupu kabisa. Hakunikasirikia. Alinitazama tu, na nilitamani nilirudishe lile neno nilimeze na mate.

"Haya," alisema. "Sasa sicheki. Piga."

Nikainua kamera. Kweli, alikuwa sawasawa: mdomo umefungwa, macho mbele, masikio mawili. Mashine yoyote ingempitisha. Nikabonyeza.

Nikatazama kioo cha kamera. Picha ilikuwa imetikisika, ukungu mtupu.

"Piga tena," alisema.

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Siwezi kuona, machozi yamejaa kwenye kamera!"

Aliinuka, akaja, akanifuta uso kwa mkono wa shati lake lenye harufu ya mkate. "Mimi sijachoka," aliniambia sikioni. "Ningeombwa barua sabini ningepeleka sabini. Umenisikia?" Mimi nikawa nalia na kutingisha kichwa kwamba nimesikia, na yeye, kwa kuniona karibu vile, akaanza tena kutabasamu, mpumbavu yule. Sasa tulikuwa tumekwama kabisa: akicheka picha inakataliwa, asipocheka mpiga picha analia.

"Hii ni studio au ni kitu gani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Tangu magoti yake yalipogoma miaka tisa iliyopita na kuniachia kamera, kila Ijumaa huja kukagua: anapitisha kidole juu ya kioo cha meza, anahesabu karatasi za kuchapishia, ananung'unika, anakunywa chai, anaondoka. Tuliachiana mikono kama watoto walioiba sukari.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi Mikate.

"Marahaba. Bado upo? Nilidhani umeshaenda zako."

"Picha zimenikatalia, mama."

"Zimekataliwa?" Hapo Mama akasahau kila kitu kingine. "Picha za hapa? Za studio yangu?"

Nikamweleza. Alizichukua zile nne, akazisogeza mbali na macho, akazisogeza karibu. Akachukua na kamera akapitia zote arobaini, moja moja. Nilidhani angecheka, au angenitukana. Alipofika kwenye ile ya ukungu, alinitazama usoni, akaona macho yangu mekundu, akarudisha kamera mezani.

"Unajua kabati la nyuma lina nini?" alimuuliza Fundi Mikate.

"Sijui, mama."

"Miavuli mitatu, gitaa, na kofia moja ya pikipiki. Vyote vya watu waliopiga picha hapa wakasema wanarudi wiki ijayo. Mwenye gitaa alikuwa na mchumba mtaa huu wa nyuma. Msichana alikuwa anakuja kuniuliza, mama, hajapita? Alikuja mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya, mama."

"Kaa kwenye stuli."

Akakaa. Mama akavaa miwani, akaning'iniza kamera shingoni, na ghafla magoti yakapona. Alisimama pale kama alivyokuwa akisimama nikiwa mtoto, mguu mmoja mbele, kiwiko kimebanwa ubavuni.

"Wewe," aliniambia, "shika hiyo karatasi nyeupe, urudishe mwanga shavu la kushoto. Na usimame nyuma ya taa asikuone." Kisha akamgeukia mwenzangu. "Funga mdomo. Tazama mbele. Nitakuuliza maswali, na wewe usijibu."

"Nisipojibu, mama, utajuaje—"

"Nimesema funga mdomo."

Akafunga.

"Kwenu hakuna viwanda vya mikate?"

Fundi Mikate alikuwa ametoa macho kama mtihani umeanza bila yeye kusoma.

"Kesho utafika kwenu. Watakufurahia, watakukumbatia. Kesho kutwa mmoja atakwambia kuna kazi hapa hapa, mshahara mara mbili, hakuna kibali, hakuna foleni. Utasemaje?"

Alifumbua mdomo.

"Mdomo!"

Akaufunga.

"Huyu binti yangu unamjua? Ana hasira. Anafunga milango mpaka plasta inadondoka. Wali anaupika bado una maji. Akikosea hasemi nimekosea, anakuletea chai."

"Mama!" nilisema nyuma ya taa.

"Wewe shika karatasi." Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na akiugua? Mimi nitakuwa nimeshakufa. Hana kaka, hana dada. Akiugua, nani atakuwa naye?"

Niliona uso wa Fundi Mikate kwa pembeni, kupitia mwanga niliokuwa nimeushika. Hakuwa anacheka wala hakuwa anaogopa. Alikuwa anamtazama mama yangu moja kwa moja, bila kupepesa, na jibu lilikuwa limekaa pale pale usoni mwake, mtu yeyote angelisoma. Mama alikuwa ameweka jicho kwenye kamera lakini habonyezi. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa ametazama maelfu ya macho kupitia tundu lile, ya waliosema kweli na ya waliosema uongo, na sasa alikuwa anatazama haya mawili tu, na sikuthubutu hata kumeza mate.

Kamera ikalia, mara moja. Mama hakuwahi kupiga picha mara mbili.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaifuta tena ingawa haikuwa na kitu.

"Chapisha," aliniambia. "Mnangoja nini? Saa nane hii."

Tulivuka barabara watu watatu, picha bado zina joto la mashine. Sikumwomba Mama aje. Alikuja tu, anachechemea, mkoba kwapani, analalamika kuhusu ngazi za uhamiaji kama mtu aliyelazimishwa. Foleni ya dirisha la tatu ilikuwa imefika mlangoni, lakini nusu ya watu wale wanamfahamu. Walipomwona wakaanza kuitana, "Mpisheni Mama Picha, magoti yake," na tukajikuta mbele saa nane na dakika ishirini na mbili.

Mama wa dirisha la tatu alizipokea picha kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika samaki. Akaweka moja kwenye mashine. Taa ikawaka nyekundu. Nikamshika Fundi Mikate mkono. Taa ikazimika, ikafikiri, ikawaka kijani.

"Imepita," alisema yule mama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye ana meno. "Hongera. Sasa ada. Kibali cha kurejea mara moja, au cha mara nyingi?"

"Tofauti yake nini?" niliuliza.

"Cha mara moja anatoka, anarudi, kimekwisha. Akitaka kutoka tena anaanza upya, barua, nakala, picha, yote. Cha mara nyingi ni mwaka mzima, anatoka na kuingia atakavyo. Ada yake ni mara nne."

"Cha mara moja," alisema Fundi Mikate upesi. Nilijua kwa nini. Tiketi ya shangazi ilikuwa imemmaliza. Hata koti alilovaa lilikuwa la mwenzake wa zamu.

"Cha mara nyingi ni kiasi gani?" Mama aliuliza kutoka nyuma yetu.

Akatajiwa.

"Loo! Karatasi hii hii? Au mnatoa na kiwanja?"

"Ndiyo bei, mama. Hatupangi sisi."

Mama akafungua mkoba. Akatoa kitambaa, akatoa dawa ya magoti, akatoa funguo, akatoa simu. "Mwandikie cha mara nyingi," alisema. "Nipe namba ya kulipia."

"Mama, hapana." Fundi Mikate aligeuka mzimamzima. "Cha mara moja kinanitosha kabisa. Naenda kumchukua shangazi, narudi, basi."

"Basi nini? Shangazi ukishamrudisha kwake ndiyo umemtupa? Bibi wa miaka sabini na moja, na kuku wake? Hutaki kwenda kumwona?" Alikuwa anabonyeza namba kwa kidole kimoja, polepole, miwani imeteremka puani. "Na mtoto akizaliwa asipelekwe akaonwe na watu wake?"

"Mama!" nilisema, na uso ukaniwaka mpaka masikioni. Mtu mmoja kwenye foleni akapiga mluzi.

"Usinipigie kelele, nakosea namba."

Simu ikalia. Mashine ya dirishani ikalia nayo. Yule mama akavuta daftari, akaandika, akasimamisha kalamu.

"Aliyelipa si mwombaji," alisema. "Lazima nijaze. Mama, una uhusiano gani naye?"

Fundi Mikate alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nimemshika yeye. Nilitaka kumtazama Mama nikashindwa. Miezi yote ile hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa heshima, alikuwa "yule wa mikate" tu, na alikuwa ameshasema: kabla shangazi hajaleta miguu yake, hajasikia kitu.

Mama alirudisha simu ndani ya mkoba, akarudisha funguo, dawa na kitambaa, akafunga zipu mpaka mwisho. Kisha akamsogelea yule mwanamke wa dirishani, karibu kabisa na kioo.

"Andika mama mkwe," alisema. "Na uandike vizuri, isomeke."